Paroko Asiye na Sura

Watunzi wa zamani walipotaka tumjue mtu, mara nyingi walianza na mwili wake. Pwani yetu inaye Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya kale ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Tunaelezwa kimo chake, nguvu zake na jinsi watu walivyotetemeka kumwona, nasi tunaelewa mara moja kuwa huyu ni jasiri. Lakini aliyemuua ni mwanawe wa kumzaa, aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, baada ya kuahidiwa binti wa mtawala wa Pate. Usaliti huo hatuujui kwa pua wala kwa macho ya kijana. Tunaujua kwa alichotenda.

Huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 14, Geoffrey Chaucer alitunga The Canterbury Tales, kisa cha mahujaji waliokuwa safarini kwenda kwenye kaburi la Mtakatifu Thomas Becket. Enzi hizo hata wasomi waliamini kuwa sura hufichua tabia. Kwa hiyo msaga nafaka anayewaibia wateja amepewa ndevu nyekundu na chunjua puani. Mmonaki anayependa uwindaji kuliko kanuni za utawa ni mnene, na kipara chake kinang'aa.

Tunacheka, na kucheka si dhambi. Hatari huanza tunapofunga kitabu na kuwasoma majirani zetu vivyo hivyo. Hapa Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Miaka mingi ya moshi wa kuni, wakiwapikia watoto na wajukuu, huyafanya macho kuwa hivyo. Wengine wakayasoma kama ushahidi wa uchawi. Falsafa inatufundisha kutenganisha mambo haya: alama ya mwili ina sababu yake mwilini, bali anayetaka kusema neno juu ya moyo wa mtu na atazame matendo.

Nadhani Chaucer mwenyewe alilijua hilo. Katika msafara ule yumo paroko maskini. Ukitafuta pua yake, ndevu zake au unene wake, hupati. Tunaambiwa tu kwamba parokia yake ilikuwa pana na nyumba zimetawanyika, naye kwenye mvua na radi aliwaendea wagonjwa kwa miguu, fimbo mkononi. Na kwamba alilofundisha alianza kulitenda yeye. Mtu mwema kuliko karibu wote katika safari ile hana sura. Ana miguu.

Kwetu sisi mafrateri jambo hili ni zito. Tukienda vigangoni wakati wa likizo, husifiwa kanzu iliyonyooka, sauti ya kuimba na kimo kizuri, na mtu husema, "Huyu ana sura ya upadre." Upadre hauna sura. Hata nabii Samweli, nyumbani kwa Yese, alivutiwa na umbo la Eliabu, na Mungu akamkataza.

Basi, ndugu waamini, msitupime kwa kanzu. Waulizeni wagonjwa wa Kilangala: mvua ilipoharibu njia, ni nani aliyefika?