Wazee Wakicheza, Tusiwacheke

Mwezi huu tuongee juu ya wazee wetu.

Kila Jumamosi jioni wazee kama 10 hivi wanakusanyika nyuma ya darasa letu. Tuliwaomba watuonyeshe ngoma walizocheza wakiwa watoto, ili wanafunzi nao wajue. Warundi ndio walianza. Babu mmoja alitueleza kwamba ngoma ya katikati inaitwa inkiranya, hiyo ndiyo inaongoza. Amashakwe zinashika mdundo bila kukatika, na ibishikizo zinafuata inkiranya. Ngoma hii UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2014. Sisi hapa ngoma zenyewe hatuna, basi tulipiga madumu ya mafuta.

Halafu akasimama bibi mmoja. Alikimbia Burundi mara ya kwanza mwaka 1972, akiwa na miaka 9, akarudi, akakimbia tena 2015. Alianza imvyino, zile nyimbo za kupokezana, watu wanapiga makofi na kucheza. Katikati akanyamaza. Amesahau. Vijana wakacheka, na mjukuu wake akainama kwa aibu.

Bibi akasema, "Pale alikuwa anaitikia dada yangu. Mimi sehemu yake siijui."

Hakuna aliyecheka tena.

Jumamosi iliyofuata bibi hakuja. Alikuja mjukuu, ananiuliza: "Mwalimu, hakuna bibi mwingine anayejua?" Tukazunguka naye nyumba kwa nyumba mpaka tukampata mama mzee mmoja, wa kilima kingine. Tulipowakutanisha, walibishana karibu saa nzima. "Kwetu hatukanyagi hivyo!" "Kwenu mlikosea!" Mwisho wakaimba, mmoja anaanza, mwingine anaitikia. Sio sawasawa kama ya dada, bibi mwenyewe alisema. Lakini safari hii alifika mwisho, na mjukuu alikuwa nyuma yake anafuata miguu.

Wazazi, naomba hivi: mzee akianza kucheza nyumbani, usimwambie akae chini ataanguka. Mshike mkono, umuulize alicheza na nani. Nanyi watoto, andikeni maneno ya wimbo kwenye daftari, sababu anayeyajua leo anaweza asiwepo kesho.

Ndugu zetu Wakongomani, wazee wenu nao tunawasubiri Jumamosi. Mje na madumu.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.