Akiba ya maji shambani ni mtaji wa mfanyabiashara mpakani

MFANYABIASHARA anayevuka Rusumo au Kagitumba huulizia mambo mawili kila alfajiri: bei ya gunia upande wa pili, na thamani ya faranga mbele ya shilingi. Lipo la tatu ambalo wengi hulisahau, ingawa ndilo linalotikisa yale mawili: mvua imenyesha wapi, na pale ilipokosekana mkulima alikuwa na maji kiasi gani ya akiba.

Hapa Kagugu, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Kigali, mchele wa Tanzania na mahindi ya Uganda ni chakula cha kawaida. Wanaovifikisha ni watu wenye mitaji midogo, wengi wao akina mama, ambao safari moja mbaya inaweza kuwarudisha nyuma mwaka mzima. Ndiyo maana leo tunasema kwamba suala la maji shambani si la wizara za kilimo peke yake. Ni suala la biashara.

Tazama ramani. Milima ya kaskazini-magharibi mwa Rwanda hupata zaidi ya milimita 1,300 za mvua kwa mwaka. Mashariki, katika wilaya za Nyagatare, Kayonza, Kirehe na Bugesera, maeneo mengi hayafikishi milimita 1,000, na hata hizo hazina ahadi. Mwaka 2016 mvua zilipokatika, Nyagatare, Kayonza na Kirehe ziliingia katika njaa ambayo wenyeji waliipa jina la Nzaramba. Wilaya mbili kati ya hizo ndizo zenye vituo vya Kagitumba na Rusumo.

Mwaka uliofuata, baada ya ukame kulikumba eneo kubwa la Afrika Mashariki, serikali ya Tanzania ilitangaza mwezi Juni kupiga marufuku usafirishaji wa mahindi nje ya nchi, kwa hoja ya kulinda chakula cha ndani. Hoja hiyo inaeleweka. Lakini aliyekuwa amekwisha kununua shehena yake, au amekopa kwa ajili hiyo, alibaki na mzigo na deni.

Wapo wanaodhani kwamba ukame ni mavuno ya mfanyabiashara, kwa kuwa bei hupanda. Waulizeni waliofanya biashara katika miaka hiyo. Bei ikipanda, mtaji ule ule hununua magunia machache. Mteja aliyekuwa akichukua kilo tano huchukua mbili, tena kwa mkopo. Na hali ikizidi, mpaka hufungwa. Mfanyabiashara hupata faida pale upande mmoja unapokuwa na ziada na mwingine una fedha ya kununua. Ukame huondoa vyote viwili.

Jambo la kutia moyo ni kwamba dawa haihitaji mabwawa makubwa peke yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mahindi huumia zaidi yakikosa maji katika wiki za kutoa mbelewele, na mara nyingi wiki mbili au tatu za jua ndizo zinazoharibu msimu mzima. Robo hekta ikihitaji milimita 50 za kuivusha hapo, hiyo ni lita 125,000. Kidimbwi cha mita za ujazo 160, kilichotandikwa plastiki na kukusanya maji yanayoshuka mteremkoni, kinaweza kuzitoa hata baada ya jua kunywa sehemu yake. Shimo hilo moja ndilo tofauti kati ya mkulima anayeuza na mkulima anayepanga foleni ya msaada.

Hayo si mageni kwetu. Huko Same, katika milima ya Upare, wakulima wamekuwa wakijenga ndiva tangu enzi za mababu: maji ya kijito hukusanywa usiku, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Matuta ya Ukambani yanajulikana na wataalamu wa udongo duniani kwa jina la Kiswahili, fanya juu, kwa sababu udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili maji yasimame na kuzama. Na Kirehe kwenyewe, mradi wa Nasho umewaunganisha wakulima wadogo takriban 2,000 katika zaidi ya hekta 1,100 zinazomwagiliwa kwa mashine 63 za kuzunguka, kwa nguvu ya umeme wa jua. Eneo hilo ni jirani na barabara ya Rusumo. Mavuno yake ni biashara yenu.

Hata hivyo, maji yana majirani. Mto Muvumba huanzia Rwanda, ukaingia Uganda, kisha ukarudi Nyagatare na kumwaga maji yake katika Akagera pale Kagitumba. Akagera nao hugusa Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Anayefungua mfereji juu huamua atakachokuta wa chini. Tanzania ina funzo la uchungu: tangu 1993, Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na umwagiliaji wa mpunga katika bonde la Usangu ni miongoni mwa sababu kuu. Hatutaki kuona Ruaha nyingine mipakani mwetu.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwanza, vidimbwi, pampu na mabomba ya mkulima mdogo vipewe uzito sawa na mabwawa makubwa. Rwanda imeonyesha njia kwa kumchangia mkulima nusu ya gharama za vifaa vya umwagiliaji mdogo. Pili, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, yenye makao yake Kisumu, isikike zaidi katika mgawo wa maji ya mito tunayochangia. Tatu, Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010. Serikali inayoona upungufu wa chakula unakuja itoe taarifa ya wiki kadhaa kabla ya kuzuia mazao, ili mzigo ulio njiani ufike.

Nne, utabiri wa msimu unaotolewa na kituo cha ICPAC na mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu ubandikwe katika kila kituo cha mpakani kwa Kiswahili chepesi, kando ya orodha ya ushuru. Mwenye mtaji mdogo anastahili kujua mapema kama masika yanayokuja ni haba.

Na ninyi wafanyabiashara mna sehemu yenu. Vikundi na vyama vya ushirika vinavyonunua gunia wakati wa mavuno vinaweza kuingia mkataba na wakulima kabla ya kupanda, na kutanguliza sehemu ya malipo ili ichimbe kidimbwi au inunue pampu. Mkataba uandikwe, uwe na bei ya chini inayomlinda mkulima na kiasi kinachomlinda mnunuzi. Fedha iliyozikwa katika shimo la maji hurudi ikiwa magunia, hata mwaka ambao mawingu yamepita bila kushuka.

Wahenga walisema akiba haiozi. Biashara yetu ya mpakani imejengwa juu ya mvua ambayo hakuna serikali inayoitawala. Kilicho mikononi mwetu ni kuikamata inaponyesha.