Tuzo ya Mwalimu Mtarajiwa Ianzie Darasani

Katika mahafali ya chuo kikuu, wazazi huingoja kwa hamu saa ya kutangazwa washindi wa tuzo. Hutajwa mwanafunzi bora wa fizikia, wa hisabati na wa kemia. Ifikapo zamu ya wanafunzi wa ualimu, nao hupimwa kwa kipimo hicho hicho: alama za mitihani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapokosea.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kutwa ambayo maabara yake ilikuwa chumba kitupu. Mwanafunzi wangu aliingia darasani na mayai mawili mabichi, chumvi na vyombo viwili vya maji. Yai moja likazama katika maji matupu. La pili likaelea katika maji ya chumvi. Kijana mmoja akapinga: mayai yenyewe si sawa! Mwalimu yule hakumkemea. Alimwita mbele, akamwambia ayabadilishe. Lililozama likaelea, na lililoelea likazama. Darasa zima likafahamu kwamba tofauti imo katika densiti ya maji, wala si katika mayai. Tena likajifunza namna ya kuhakiki dai. Alama za mitihani za mwalimu yule zilikuwa za wastani. Siku ya mahafali jina lake halikutajwa.

Hali ya ufadhili nayo haitofautiani sana. Katika mwaka wa masomo 2022/2023 Serikali ya Tanzania ilianzisha ufadhili wa Samia kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofaulu vizuri zaidi katika sayansi. Ni jambo la kusifiwa. Lakini kijana mwenye alama za juu kabisa, akipewa nafasi ya kuchagua, mara nyingi huelekea udaktari au uhandisi. Wengi wanaosomea ualimu hutegemea Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, na wakiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Hivyo kijana anayechagua chaki huanza kazi akiwa na deni, na heshima haipati.

Nchi nyingine zimejaribu njia mbalimbali. Singapore huwalipa mshahara walimu wake wangali mafunzoni. Marekani ina ufadhili wa Robert Noyce kwa wanafunzi wa sayansi na hisabati watakaokuwa walimu: kwa kila mwaka wa ufadhili, mhitimu hufundisha miaka 2 katika shule zenye upungufu. Lakini Marekani hiyo hiyo inatupa onyo. Sheria ya mwaka 2007 ilianzisha ruzuku ya TEACH, ambayo hugeuka mkopo wenye riba mhitimu asipotimiza masharti yake. Walimu wengi walijikuta wadaiwa kwa sababu ya fomu zilizochelewa tu, ingawa walikuwa wakifundisha. Masharti yasiyo wazi huigeuza zawadi kuwa mtego.

Wako wanaosema kwamba ufadhili utawavuta wapenda fedha, si wapenda ualimu. Hoja hii ina uzito, na jibu lake ni kuchagua kwa wakati ufaao. Tusiutoe ufadhili huu kwa cheti cha kidato cha sita peke yake. Tungoje hadi mwanafunzi amalize mazoezi yake ya kwanza ya kufundisha, kisha wakaguzi na mwalimu mwenyeji wa somo waseme walichokiona. Atakayechaguliwa alipiwe miaka iliyosalia, naye aahidi kwa mkataba mfupi ulio wazi kufundisha sayansi au hisabati kwa muda uliotajwa. Ikiwa ajira haikupatikana, kosa hilo asibebeshwe yeye. Na siku ya mahafali, pamoja na tuzo za alama, iwepo tuzo ya ufundishaji.

Ndugu walimu, ninyi mnaowapokea wanafunzi wetu kila mwaka, ushahidi wenu ndio utakaokiwezesha kipimo hiki kufanya kazi. Nanyi wanafunzi mnaofikiria ualimu, msidhani kwamba mmechagua njia ya walioshindwa. Daktari na mhandisi wote walianzia mbele ya ubao wa mtu fulani. Yatupasa tumtafute mtu huyo mapema, tumtaje jina mbele ya wazazi wake, kabla kazi nyingine haijamchukua.