Mjumbe Aende na Daftari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililobishaniwa sana katika Chama cha Mjadala. Hoja ilikuwa hii: "Mikutano ya vijana wanaojitolea kutetea tabianchi haimfai mkulima." Waliounga mkono walisema kwa ufasaha, na hoja ikapita kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa katika waliopinga. Naona sababu yetu iliyo kubwa haikusikika, maana kengele ya chakula ililia, na wote tunajua kwamba hapana msemaji awezaye kushindana na kengele ile. Basi naileta hapa mbele ya walimu, wazazi na wenzangu.

Kwanza tuufahamu mkutano wenyewe uliotajwa. Tarehe 4 hadi 6 Septemba 2023, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Nairobi kuzungumza juu ya tabianchi, na huo ndio uliokuwa mkutano wa kwanza wa Afrika wa namna hiyo. Siku chache kabla yao, vijana wa nchi mbalimbali za bara letu walikusanyika huko huko, wengi wao wakiwa ni watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wakaandika madai yao. Wakuu nao wakatoa Tamko la Nairobi, ambamo waliitaka dunia ifikirie kutoza kodi ya kaboni juu ya biashara ya mafuta, safari za meli na safari za ndege. Septemba 2025 wakuu walikutana tena, safari hii Addis Ababa.

Mwenzangu mmoja aliuliza, "Mpunga wa Kilombero umeota kwa maneno lini?" Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini swali hilo lina jibu. Mwaka 1991 nchi za visiwa vidogo, Vanuatu ikiwa mbele, zilidai kwamba kuwe na mpango wa kuwasaidia wanaopata hasara kwa kupanda kwa bahari, kwa kuwa si wao walioichafua hewa. Zilikataliwa. Zikarudi katika mkutano mwingine, na mwingine, hata mwaka 2022 huko Sharm el Sheikh nchini Misri, mataifa yote yakakubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Ni miaka 31. Bila ya mikutano, visiwa vile vingelia peke yao baharini, wala hapana mtu ambaye angevisikia. Sisemi kwamba fedha zilizoahidiwa zinatosha. Nasema tu kwamba mlango ulifunguliwa na watu waliochoka kuambiwa kuwa maneno hayana kazi.

Tena, kukutana si lazima kuwe na hoteli na bendera. Mwaka huo huo wa 1991, wanafunzi 12 wa Tanzania walikutana barazani kwa Dk. Jane Goodall, Dar es Salaam, wakaeleza mambo yaliyowasumbua juu ya wanyama na mazingira ya kwao. Katika mazungumzo yale kilizaliwa chama cha vijana cha Roots & Shoots, ambacho leo kina matawi katika nchi nyingi za dunia. Hawakupewa posho. Mwanzilishi wao alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, na kazi inaendelea.

Kwa hiyo siwapingi wanaokutana. Lawama yangu ni nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike. Sisi wa bonde hili, tukipata nafasi ya kwenda kusema, tutakwenda na nini mkononi?

Tuchukue masika ya mwaka 2024. Tarehe 25 Aprili mwaka ule Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa mafuriko na maporomoko, na kwamba zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamepatwa na madhara. Huku kwetu maji ya Mto Lumemo yaliingia katika mitaa ya Ifakara, na mashamba mengi ya mpunga bondeni yakawa ziwa. Niliwauliza wenzangu bwenini: usiku ule zilinyesha milimita ngapi? Maji yalipanda kiasi gani? Yalichukua siku ngapi kushuka? Nilijibiwa, "Mengi sana," na mwingine akasema, "Yalifika kiunoni." Kiuno cha nani? Katika bweni letu viuno vinapishana kama nusu mita.

Wengine watasema nafanya mzaha, lakini jambo hili ni zito. Wataalamu waliochunguza mvua za Machi hadi Mei 2024 katika Afrika Mashariki walikadiria kwamba joto la dunia liliongeza nguvu ya mvua zile kwa kadiri ya asilimia 5. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko makelele yetu. Mtu anayesimama mbele ya mkutano na kusema kwamba mafuriko yote ya Kilombero yameletwa na viwanda vya Ulaya na Marekani anasema asichokijua, na mwenye kumpinga atamwangusha kwa swali moja tu. Maana mafuriko kwetu si mgeni. Wandamba waliishi na maji haya tangu zamani, wakavua kambale na perege yalipojaa, na kupanda mpunga kwenye udongo mzuri ulioachwa na mto. Maji yanayokuja kwa majira yake ni baraka katika bonde hili. Wazee wanayolalamikia ni majira yenyewe, kwamba mvua hukawia wakati wa kupanda, kisha huja yote kwa pamoja. Je, ni kweli? Huenda ni kweli kabisa. Lakini kumbukumbu ya mzee mmoja hukutana na kumbukumbu ya mzee mwingine, zikagombana, na hapana karatasi ya kuzipatanisha.

Tena mtetezi mwaminifu hana budi kuyataja na ya nyumbani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Apitaye kandokando ya mito yetu aangalie mwenyewe mahindi yanaishia wapi. Miti ya vilimani inakatwa kwa mkaa na kwa mashamba, na udongo unashuka kuja kujaza mto. Wazazi wangu ni wakulima, nami sisemi haya kwa kuwadharau, maana mtu hulima karibu na maji kwa kuwa huko ndiko kuna rutuba na ana watoto wa kulisha. Hata hivyo tusiyafiche mbele ya wageni.

Na bonde hili si letu peke yetu. Tangu mwaka 2002 limeorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye thamani kwa dunia nzima. Sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, zaidi ya nusu, hutoka Mto Kilombero, na maji hayo ndiyo yanayofika kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Taa ya Dar es Salaam ina neno na mvua ya Mlimba. Basi mtu anayepima maji ya huku kwa uangalifu ana kitu ambacho mkutano wowote utataka kukisikiliza.

Hili ndilo pendekezo langu kwa klabu yetu ya mazingira. Tuweke kipima mvua katika uwanja wa shule, mbali na miti na mapaa. Si kitu cha gharama: kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha kwa kuanzia, na milimita moja ya maji koponi ni lita moja katika kila mita ya mraba ya shamba. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, bila kukosa hata siku isiyo na mvua, maana sifuri nayo ni habari. Hapo tutahitaji huruma ya walimu wa kipindi cha pili, wamruhusu mwanafunzi mmoja atoke kwa dakika mbili. Tena tuombe ruhusa ya kupiga alama za sentimita juu ya nguzo kando ya Lumemo, zisomwe kila Jumamosi, na kila siku wakati wa masika, kwa kusimama mbali na maji. Najua Mamlaka ya Hali ya Hewa ina vipimo vyake vilivyo bora kuliko kopo letu. Hatushindani nayo. Lakini mvua yaweza kunyesha mjini Ifakara na Mang'ula kukakauka, na kadiri wapimaji wanavyoongezeka ndivyo picha inavyokuwa kamili.

Na juu ya nauli, ambayo ndiyo iliyowakera wengi katika mjadala, naona hivi: asichangiwe mtu yeyote wa shule hii kwenda mkutano wowote, wa mkoa wala wa Afrika, mpaka klabu iwe na daftari la mwaka mzima. Atakayechaguliwa asiwe yule ajuaye Kiingereza kizuri tu, bali awe mmoja wa waliolijaza. Na atakaporudi asimame siku ya gulio, aseme kwa Kiswahili yaliyoamuliwa, wakulima wamwulize maswali hata jua lizame. Mama anayeuza mchele pale ana haki ya kujua alisemewa nini na watu ambao hakuwatuma.

Sisi wa Kidato cha Nne tunaingia katika mtihani mwezi Novemba, kisha tunaondoka, na mvua za kwanza ndipo zinapoanza. Kwa hiyo daftari itakuwa kazi ya Kidato cha Pili na cha Tatu. Desemba mabweni yakifungwa, wapo watoto wa walimu wanaokaa katika nyumba za shule. Nimezungumza na wawili kati yao, nao wamekubali kusoma kipimo wakati wa likizo, mradi wapewe kalamu. Kopo limepatikana jikoni. Bado rula.

Wako,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne