Mama Ndiye Waya wa Mtandao

Najua mlikuwa mkingoja sehemu ya pili ya maelezo ya hifadhidata niliyoahidi. Itakuja. Leo nina jambo lililonikaa rohoni tangu Jumanne, na nisipoliandika sitafanya kazi nyingine yoyote. Isitoshe, nalo ni suala la hifadhidata. Mtaona.

Jumanne nilimsindikiza dada yangu hospitalini. Mtoto wake, mpwa wangu, ana usonji. Ana miaka 6. Maneno anayosema ni machache, lakini barabara ya kwenda kwa nyanya yake anaijua kona kwa kona, na matatu ikipita njia nyingine kukwepa msongamano, atalia mpaka abiria wote watugeukie. Dada amezoea. Mimi bado.

Dada alikuwa na bahasha ya kaki, ile kubwa, iliyochakaa pembeni na kuzibwa kwa selotepu. Ndani yake kuna kijitabu cha kliniki, cheti cha kuzaliwa, barua ya rufaa, ripoti ya tathmini ya elimu, picha za pasipoti, nakala za kitambulisho chake na fomu kadhaa zenye mihuri. Foleni haikusonga, kwa hivyo nikaanza kuhesabu. Jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa vimeandikwa kwa mkono mara 11 katika karatasi zile. Mahali pamoja siku na mwezi vilikuwa vimebadilishana nafasi.

Mahali hapo pamoja ndipo palipotukwamisha. Karani aliangalia fomu, akaangalia cheti, akasema, "Mama, hizi tarehe hazifanani. Rudi mrekebishe kule mlikoitoa." Kule ni ofisi nyingine, ya wizara nyingine, matatu mbili kutoka pale, na hufungua siku fulani tu za wiki. Dada hakubishana. Alisema "asante", akarudisha karatasi kwenye bahasha, akamshika mtoto mkono. Mimi ndiye niliyetaka kugombana, akanivuta shati.

Wenzangu mliosomea kompyuta mnakumbuka somo la kwanza kabisa: kitu kimoja usikiandike mahali 11. Kiandike mara moja, mahali pengine pote weka ufunguo unaoelekeza pale. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akileta jedwali kama lile bahasha ya dada, hapiti mtihani.

Kwa wale ambao hawajawahi kupita njia hii, ngoja niwaeleze inavyokwenda. Mtoto mwenye ulemavu wa ukuaji, uwe usonji, mtindio wa ubongo au Down syndrome, anahitaji mambo matatu au manne kutoka kwa serikali: apimwe, asaidiwe na wataalamu, apate shule inayomfaa, na familia yake isaidiwe kidogo kifedha. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kupata elimu na vifaa vya kumsaidia. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi. Hospitali za kawaida na elimu ya chekechea zikaenda kwa kaunti. Shule za msingi na elimu maalumu zikabaki kwa serikali kuu. Kwa hivyo mtoto wa miaka 4 ni wa kaunti asubuhi akiwa chekechea, na ni wa serikali kuu mchana akipelekwa kutathminiwa kwa ajili ya elimu maalumu. Mtoto hana habari.

Vituo vya kutathmini watoto kwa ajili ya elimu, vile vinavyoitwa EARC, vilianzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark, na viko chini ya Wizara ya Elimu. Tathmini ya kiafya inafanywa na timu ya hospitali ya umma. Usajili na kadi ni kazi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Pesa za Inua Jamii zinatoka idara ya ulinzi wa jamii. Hizo ni ofisi nne, na kila moja ina fomu yake, kompyuta zake na kumbukumbu zake. Kinachoziunganisha ni mama mwenye bahasha. Yeye ndiye waya wa mtandao. Akiugua, data haisafiri. Akikosa nauli, data haisafiri. Akipata kibarua siku ya miadi, itabidi achague kati ya unga na muhuri.

Mtaniambia siku hizi kuna eCitizen. Ni kweli, maombi ya kusajiliwa sasa huanzia kwenye intaneti, na sitawadharau waliofanya kazi hiyo. Lakini tathmini yenyewe sharti ifanywe na binadamu, na binadamu hao ni wachache. Fomu ukiiweka mtandaoni bila kumwongeza hata mtaalamu mmoja wa matamshi, umesogeza foleni tu kutoka mlangoni hadi kwenye skrini.

Sasa niseme jambo lenye aibu yangu ndani. Miaka mitatu iliyopita mimi na marafiki wawili tulitengeneza programu ya rununu kwa ajili ya wazazi kama dada. Ilikuwa na ramani ya ofisi, orodha ya karatasi zinazotakiwa na kengele ya kukukumbusha miadi. Hakathoni ikatupa nafasi ya pili na begi za kubebea kompyuta. Nilimwonyesha dada kwa majivuno. Akaitazama, akasogeza skrini juu na chini, akauliza, "Sasa hii inajua daktari yuko siku gani?" Haikujua. Hakuna ofisi iliyokuwa ikitoa habari hiyo kwa njia ambayo programu ingeweza kuisoma. Tulikuwa tumempa waya maelekezo mazuri ya namna ya kuendelea kuwa waya. Programu ile haipo tena. Seva ilizimwa tulipoacha kuilipia. Begi ninayo.

Na muda wote huo mtoto anakua. Mama yetu ndiye aliyegundua kwanza, mpwa akiwa na miaka 2 na nusu: haitiki akiitwa jina. Kliniki wakasema tungoje, wavulana huchelewa kusema. Rufaa ilipatikana akiwa na miaka 4, tathmini akiwa na 5. Wataalamu wote tuliowaona wametuambia jambo moja: msaada unaoanza mapema, kabla ya kufika umri wa shule, ndio unaofaa zaidi. Basi hesabuni wenyewe ni miaka gani iliyopotea kwenye benchi.

Tuje kwenye pesa. Ndani ya Inua Jamii kuna mpango wa watu wenye ulemavu mkali, ulioanza 2011. Kwa miaka mingi kiwango chake kimekuwa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya. Katika kliniki ya kibinafsi anakoenda dada, kikao kimoja cha matamshi kinazimaliza zote. Tena si kila mtoto anahesabiwa. Mpango unalenga kaya maskini zenye mtu anayehitaji uangalizi wa saa zote. Ukimleta mtoto asiyeweza kuketi, anaonekana. Ukimleta mpwa wangu, anayekimbia, anayepanda meza, mwenye mashavu ya afya, utaulizwa kama tulivyoulizwa: "Mbona huyu ni mzima?" Huyo mzima hawezi kuachwa peke yake hata dakika tano, kwa sababu haogopi gari wala moto. Dada aliacha kazi dukani kwa sababu hiyo. Uangalizi wa saa zote ni upi tena?

Kuna takwimu nyingine inayonikera. Sensa ya 2009 ilipata watu wenye ulemavu kama milioni 1.3, yaani asilimia 3.5 ya Wakenya. Ile ya 2019 ikapata kama laki 9, asilimia 2.2. Je, walipona? La hasha. Maswali yalibadilika, na mwaka 2019 hesabu ikaanzia kwa wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Sina ugomvi na maswali mapya. Yalitungwa na Kundi la Washington la takwimu za ulemavu na yanatumika katika nchi nyingi. Lakini kundi hilohilo linakiri kwamba yale maswali mafupi hayawanasi vizuri watoto wenye matatizo ya ukuaji. Ndiyo maana mwaka 2016, pamoja na UNICEF, lilitoa maswali mengine ya watoto, na sehemu yake moja ni ya umri wa miaka 2 hadi 4 pekee. Yapo tayari. Hatukuyatumia katika sensa. Sasa ofisa anayepanga bajeti akitafuta watoto wa miaka 3 kama alivyokuwa mpwa wangu, hesabu ile haimwonyeshi kitu. Jedwali likiwa tupu huwezi kujua kama hakuna watoto au hakuna aliyeuliza. Sisi watengenezaji programu tunajua kwamba sifuri na "haijulikani" ni vitu viwili. Kwenye bajeti vinageuka kimoja.

Najua kuna watakaosema kuunganisha kumbukumbu za ofisi hizi ni hatari, kwamba habari za ugonjwa wa mtoto zitazagaa. Hofu hiyo naiheshimu, na mimi mwenyewe sipendi serikali ijue kila kitu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi. Lakini sijaomba ofisi ya pesa isome ripoti ya daktari. Inachohitaji ni jibu la swali moja: mtoto huyu ametathminiwa, ndiyo au la, na kwa kiwango gani? Hilo ni ombi dogo linaloweza kujibiwa kwa mistari michache, huku kila anayeuliza akiandikwa aliuliza lini na mama akiweza kuona orodha hiyo. Ukilinganisha na leo, ambapo ripoti nzima inapita mikononi mwa askari wa mlangoni, karani, mwenye duka la fotokopi na jirani kwenye benchi, niambieni faragha iko wapi.

Namba yenyewe haina haja ya kubuniwa. Cheti cha kuzaliwa kina namba, shule zimekuwa zikimpa mwanafunzi namba tangu mfumo wa NEMIS ulipoanza 2017, na Maisha Namba ilikuja 2023 na ahadi kwamba mtu atakuwa na namba moja tangu azaliwe. Tatizo si namba. Tatizo ni kwamba hakuna ofisa anayelazimika kutuma kitu. Sheria ya ulemavu ya 2003 ilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya ile mpya ya 2025 kuchukua nafasi yake, na sasa kanuni ndizo zitakazoamua maisha ya watu kama dada. Ningeulizwa, ningeweka kanuni moja tu: ofisi ya umma isimwombe mzazi karatasi iliyotolewa na ofisi nyingine ya umma. Iitafute yenyewe. Tarehe zikigongana, wao wapigiane simu. Haihitaji hata programu mpya. Simu ya mezani inatosha kuanza nayo.

Jioni ile nilimwomba dada bahasha nikaskani kila kitu, nikaviweka kwenye rununu yake, vimepangwa kwa tarehe. Alifurahi. Kisha akarudisha karatasi zote ndani, moja baada ya nyingine, akaongeza selotepu pembeni, kwa sababu pale dirishani hawapokei picha ya kwenye simu.

Alhamisi tunarudi. Foleni inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na safari hii nimeomba ruhusa kazini ili bahasha niibebe mimi, yeye amshike mtoto. Sehemu ya pili ya hifadhidata ningojeeni wiki ijayo.