BUSTANI YA NYUMBANI: KIANGAZI TUNAKIWEZA, TATIZO NI SISI KWA SISI



Gazeti letu la ukutani limezoea habari za korosho, ufuta na mbaazi. Ni sawa, maana ndiyo mazao yanayotuletea fedha. Lakini leo naomba nafasi nizungumzie shamba dogo kuliko yote, lile linalopimwa kwa hatua za miguu, yaani bustani ya mboga ya nyuma ya nyumba. Maoni yangu nayasema mapema, ili hata anayepita haraka na baiskeli yake ayapate. Kila kaya hapa inaweza kula mboga yake mwenyewe mwaka mzima, hata mwezi wa Septemba, ikiwa tutalima kwa kufuata hali ya hewa yetu, na ikiwa tutakubaliana kuhusu mbuzi. La kwanza ni la kila nyumba. La pili ni la kijiji kizima, na bila hilo la pili, la kwanza ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Tutazame sahani zetu. Masika mboga hazina shida. Kunde zipo, maboga yapo, mlenda unajiotea wenyewe. Ikifika Agosti hadi Novemba hali inageuka. Fedha ya ufuta imekwisha, ya korosho inasubiri mnada, na ugali unasindikizwa na dagaa wachache au chumvi. Mtu mzima atavumilia. Mtoto wa miaka miwili na mama mjamzito hawawezi kusubiri mnada. Majani ya kijani yana vitamini A inayolinda macho na kusaidia mwili kupambana na maradhi, na yana madini ya chuma yanayojenga damu. Mwili wa mtoto haukopesheki miezi minne, halafu ukalipwa Desemba kwa mpigo.

Sasa, tukubali mwaka wetu ulivyo. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza mwisho wa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, mara nyingine Mei mwanzoni. Katikati, Januari mwishoni au Februari, mara nyingi hukatika wiki kadhaa na kututia hofu. Baada ya hapo ni ukavu mtupu, Juni na Julai kukiwa na ubaridi kidogo usiku, na Oktoba jua likichoma kama pasi. Hiyo ndiyo kalenda tuliyopewa, na mwenye bustani lazima aijue kichwani.

Wala tusijione wenye bahati mbaya peke yetu. Kule Japani, nchi ya viwanda, watu wengi ambao si wakulima hulima vibustani nyumbani, na wa mijini hukodi vipande vidogo vya ardhi wapate pa kupandia. Nao wana misukosuko yao. Sehemu kubwa ya nchi ina baridi kali kuanzia Desemba hadi Februari, Juni na Julai mvua hunyesha mfululizo mpaka nyanya zinaoza, na mwisho wa kiangazi huja dhoruba za kung'oa vichanja. Bamia, ambayo sisi tunaiona ya kawaida, wao husubiri baridi iishe kabisa ndipo waipande, karibu Mei, wakaichuma wakati wa joto. Wanajifunza mwezi upi ni wa zao lipi, basi. Hawashindani na mbingu.

Waliotaka kushindana na mbingu tunawajua, maana walifika hapa jirani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kulima ekari zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matingatinga, reli ikajengwa, bandari ikaanzishwa Mtwara. Kongwa mvua hazikutosha, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ulikuwa mgumu mno kuchimba karanga. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa na pauni milioni 36 zikahesabiwa hasara. Funzo lake ni kwamba ardhi na mvua haziogopi mtambo wala fedha. Zinamtii anayezichunguza kwanza, hata kama ana jembe la mkono na kopo lililotobolewa matundu.

Basi bustani ya hapa kwetu iweje? Si lazima uwe bwana shamba. Shika haya machache.

Kwanza, panda mboga za kwetu. Mchicha uko tayari kuchumwa wiki tatu hadi nne tangu kusia mbegu. Matembele ukiyapandikiza pale yanapotoka maji ya bafuni, yatakufuata mwaka mzima. Kisamvu kinavumilia ukavu kuliko mboga karibu zote. Ongeza bamia, nyanya chungu, mnavu na majani ya maboga. Kabichi ni nzuri kwa macho, lakini hutaka maji mengi na hewa ya baridi. Anayeanza asianze nayo. Nyanya za kawaida zipande mvua zikiisha, zikue katika ubaridi wa Juni na Julai, kwa sababu za masika huliwa na baka na mnyauko.

Pili, kitanda cha mboga kifuate msimu. Masika kiinue juu, maji yasituame mizizi ikaoza. Kiangazi fanya kinyume chake, kichimbe kiwe chini ya usawa wa ardhi, kama sinia, ili kila tone unalomwaga libaki humo humo. Wengi wetu tunainua matuta mwaka mzima kwa mazoea, halafu tunashangaa maji ya jioni yamekimbilia njiani.

Tatu, funika udongo kwa nyasi kavu, jua lisinywe maji kabla ya mmea. Ila acha nafasi kidogo kuzunguka shina, kwa sababu ya mchwa. Samadi ya mbuzi na ya kuku iozeshwe kwanza. Ikiwa mbichi inaunguza miche.

Nne, wadudu. Vidukari na viwavi vitakuja, hilo usiulize. Twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, changanya na sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Na hapa niseme kwa sauti kubwa, jamani: makopo yaliyokuwa na dawa za mikorosho au ufuta yasitumike kumwagilia mboga wala kuhifadhia mbegu. Bustani isiwe chini ya mikorosho, na siku ya kupuliza salfa iwe mbali na upepo unaokoelekea. Hatulimi mchicha ili tule sumu.

Najua swali linalokuja, na kina mama ndio watakaoliuliza: "Maji ya kunywa yenyewe tunayapanga foleni, wewe unataka tumwagie mchicha?" Swali hili ni la haki na halijibiwi kwa maneno matamu. Kitanda cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 kinahitaji kama ndoo moja ya lita 20 kwa siku ya jua kali. Kama ndoo hiyo itaongezwa kichwani kwa mama, basi afadhali bustani isiwepo. Lakini kila nyumba inamwaga maji kila siku. Maji ya kuoshea mchele, mboga na vyombo yanatosha kitanda kimoja, ukiyamwaga kwenye shina bila kugusa majani. Maji ya kuogea na kufulia, yenye sabuni nyingi, yapelekwe kwenye mgomba na mpapai. Na ikikosekana ndoo moja, sisi wanaume tuna baiskeli na pikipiki. Pikipiki inayobeba magunia mawili ya korosho hadi ghalani haitashindwa dumu moja la maji. Tumezoea kusema bustani ni kazi ya mama, lakini sahani ya mboga ikifika mezani hatusemi ni ya mama.

Mwenye eneo finyu au maji haba kabisa achukue gunia, alijaze udongo na samadi, katikati aweke nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, atoboe matundu ubavuni na kupandikiza miche humo. Gunia moja halishibishi ukoo, ila linatoa mboga ya siku mbili tatu kila wiki, na linakaa karibu na mlango ambako unaliona.

Nizungumzie raha yake pia, maana mtu hafanyi kazi ya jioni kwa hotuba tu. Kuna raha ya kuinjika chungu jikoni halafu ndipo uende kuchuma mboga, maji yakichemka umesharudi. Mgeni akibisha saa moja usiku huna haja ya kumtuma mtoto kukopa dukani. Jirani akipita na kusema, "Shikamoo, naomba mkono mmoja wa matembele," unampa bila kuhesabu, na kesho yake anakuletea mbegu za bamia. Watoto nao hujifunza bila kuchapwa. Mtoto aliyepanda boga lake mwenyewe hulichungulia kila asubuhi kama kifaranga. Na jicho lililochoshwa na vumbi la Oktoba hupumzika likiona kijani hata cha hatua tatu.

Sasa nifike kwenye mbuzi, nikijua wapo watakaokunja uso.

Kiangazi chote tunaweza kukishinda kwa kitanda cha kuzama, nyasi na maji ya vyombo. Mbuzi mmoja anaimaliza kazi hiyo ya miezi miwili kwa robo saa. Mwenye bustani akilia, mwenye mbuzi husema, "Si ungejenga ua?" Mwenye mbuzi akidaiwa, husema mavuno yamekwisha na mifugo iko huru, ndiyo desturi. Desturi hiyo ilikuwa na maana yake: mavuno yakitoka, mabua ni ya wote. Lakini ilihusu mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Bustani ya Agosti haijavunwa; ndiyo kwanza inaliwa. Tukiliacha jambo hili kwa kila mtu na jirani yake, matokeo tunayajua: watu wawili hawasalimiani, na msimu unaofuata hakuna anayepanda.

Sisemi mbuzi wauzwe. Mbuzi ni akiba ya mnyonge, ndiye anayenunua sare na dawa ghafla. Ninachosema ni wajibu wa pande mbili. Mwenye mbuzi amfunge kamba au amtume mchungaji kuanzia Juni hadi Novemba, miezi ambayo kijani kipo majumbani peke yake. Mwenye bustani naye aweke ua wa kweli, wa miiba au mianzi, au apande mibono, ambayo mbuzi hawaili. Ila watoto waonywe, mbegu za mbono ni sumu. Asiyejenga ua asidai fidia kamili. Mwenye mbuzi aliyevunja ua alipe. Kiwango kipangwe na wananchi wenyewe, kiwe kinacholipika.

Njia ya kisheria ipo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, baada ya kuwasikiliza wananchi mkutanoni, kisha Halmashauri ya Wilaya ikaidhinisha. Kwa hiyo hatuna sababu ya kurushiana maneno visimani wakati mkutano wa kijiji upo.

Napendekeza mambo matatu. Moja, chama chetu cha ushirika kipeleke hoja ya mbuzi na bustani kwenye mkutano wa kijiji kabla mvua hazijaisha, ili Juni itukute tumekubaliana. Mbili, kila mwanachama atakayeweza alete chamani mbegu za mchicha, bamia na maboga alizokausha mwenyewe, tubadilishane bure. Mbegu zetu hizi huota tena mwaka unaofuata, tofauti na zile chotara za dukani ambazo kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza. Tatu, kila mjumbe wa bodi, mwanamume kwa mwanamke, awe na kitanda kimoja nyumbani kwake ambacho mwanachama yeyote anaweza kwenda kukitazama. Kiongozi aonyeshe njia kwa jembe. Kwa mdomo tumeonyeshwa ya kutosha.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo, tuzungumze bei ya korosho. Bei ya korosho tuizungumze, tena kwa nguvu. Lakini bei hiyo inapangwa mnadani, na wanunuzi wengine wako ng'ambo ya bahari. Mboga ya jioni inapangwa hapa hapa, kati ya mlango wa jikoni na kamba ya mbuzi. Tukishindwa kukubaliana juu ya kamba, tutakuwa na sauti gani juu ya mnada?

Asiyekubaliana nami aandike, ubao huu ni wa wote. Mwenye mbuzi aandike wa kwanza.

Ushirika ni nguvu.

Mwanaushirika mwenzenu,
Likunja