Mashine Iliyohukumiwa Bila Kutazamwa

Wako watu wasemao ya kwamba mashine ya gololi, ile ichezwayo kwa kutia sarafu, ni kamari tu, na aichezaye ni sawa na mtupa dado. Neno hilo twalikataa.

Tutazame kwanza kitu chenyewe. Mwaka 1952 Mfalme George VI wa Uingereza alikuwa amekwisha kufa, na bintiye Elizabeth alikuwa akingoja kutawazwa. Ndipo kiwanda cha Gottlieb, huko Chicago katika Marekani, kilipotoa mashine iitwayo Coronation, maana yake Kutawazwa. Ni meza ya mbao yenye kioo juu, nayo imeinama kumwelekea mchezaji. Huvuta springi, gololi ya chuma ikapanda, kisha ikashuka ikigonga huku na huku. Haina kompyuta ndani yake. Gololi igusapo mahali, umeme hupita, sumaku huvuta chuma, kengele hulia, na hesabu huongezeka. Fundi mwenye subira aweza kuifuata kazi hiyo kwa macho, waya kwa waya. Tena mna vijikono vidogo. Mchezaji akibonyeza kifungo ubavuni, huipiga gololi irudi juu.

Vijikono hivyo ndivyo shina la maneno yetu. Kiwanda hicho hicho kilivitia kwanza mwaka 1947, katika mashine iitwayo Humpty Dumpty. Kabla ya hapo, twakubali, bahati ilikuwa na sehemu kubwa, na ziko mashine zilizolipa fedha. Basi mji wa New York ulipozikataza mwaka 1942, na Meya La Guardia akazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha, hakukosa sababu. Lakini sababu ilipopungua, sheria ilibaki vile vile miaka 29 zaidi. Hata Chicago, mji uliozitengeneza, ulikataza kuzicheza! Mikono ya watu wake ilifaa kuiunda mashine ya Malkia, isifae kuichezea. Ni haki ya namna gani hiyo?

Mwaka 1976 Roger Sharpe alisimama mbele ya madiwani wa New York. Akataja kwanza njia itakayopitwa na gololi, kisha akavuta springi. Gololi ikapita papo hapo. Na angalieni: hakutumia vijikono, bali springi iliyokuwamo tangu zamani. Madiwani wakakubali kuiondoa marufuku. Basi hao wasemao kamari na watuambie: ni bahati gani hiyo itangazwayo kabla haijatokea?